Neno Lililosubiri Juu ya Jiwe

Watu walimwita Patasi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa wazee wachache. Kazi yake ilikuwa kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Karakana yake ilikuwa banda refu la mabati kando ya barabara iendayo makaburini, ukuta kwa ukuta na seremala wa majeneza, na wawili hao walizoea kutaniana kwamba kazi zao ndizo pekee ambazo mteja harudi kulalamika.

Patasi alijua kwamba utani ule haukuwa kweli. Mteja harudi, ila nduguze hurudi. Zamani, alipokuwa bado anajitafutia jina, aliwahi kumchongea marehemu mmoja maneno "Mume na baba mwema" kwa agizo la mjane. Siku ya kusimamisha jiwe binti wa marehemu aliyasoma, akaokota kokoto, akaanza kuyakwangua mbele ya watu wote, jicho kavu. Tangu siku ile Patasi alijiwekea utaratibu. Maneno aliyaandika kwanza kwa chaki juu ya jiwe lililokwisha kung'arishwa. Kisha aliliegemeza jiwe kwenye ukuta wa mbele, akatundika kitambaa chenye unyevu msumarini pembeni yake, akawaita waliofiwa. Neno lililomchoma mtu, alilifuta. Hakuulizwa sababu. Neno lililobaki mpaka siku ya ahadi ndilo lililokatwa.

"Chaki inasamehe," aliwaambia wateja. "Patasi haisamehi. Mwenye la kusema aseme sasa."

Kwa kitambaa kile alikuwa ameona mengi. Aliwahi kuona "mpendwa" ikifutwa na watoto wa kuzaa, na "daima nitakukumbuka" ikifutwa na mjane yuleyule aliyeiagiza, baada ya kupata mchumba. Aliwahi pia kuona mama mzee akilifuta neno "pumzika" kwenye jiwe la mwanawe, akisema kwamba kijana yule alipumzika vya kutosha alipokuwa hai. Patasi hakucheka wala hakuhukumu. Aliuonea fahari utaratibu wake kuliko hata mkono wake, na mkono wake ulikuwa maarufu. Maneno aliyaheshimu. Hakuwa amesoma sana utotoni, ila ukubwani alijitafutia mwenyewe, na kamusi yake ilikaa rafuni kati ya nyundo za mbao, kurasa zake zimekuwa za kijivu kwa vumbi la mawe.

Asubuhi moja mashine ya kung'arishia ilizimika ghafla. Patasi alikuwa ameinamia kazi. Akajua kwamba mwanawe ameona kitu.

Mwanawe huyo walimwita Kioo, kwa sababu jiwe lililopita mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Alifanya kazi amekaa juu ya kigoda kirefu, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Mguu huo haukukunjika gotini, na ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye gauni jeusi aliloshona mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa ushonaji. Alikuwa mke wa mdogo wake Patasi. Sasa alikuwa mjane.

"Hodi."

"Karibu, shemeji," Patasi akasema, akajifuta mikono. "Pole kwa msiba."

"Pole yako imechelewa njiani, lakini nimeipokea. Hatukukuona kwenye mazishi."

"Nilikuwa na kazi."

"Ndiyo. Na makaburi yenyewe yalivyo mbali," akasema shemeji. Makaburi yalionekana kutoka mlangoni.

Kioo aliinamisha uso. Patasi alisogeza benchi, shemeji akakaa, akakataa chai, akasema kilichomleta. Alitaka jiwe la mumewe. La kijivu, si kubwa. Juu liandikwe jina lake lote na la baba yake, kisha tarehe mbili, kisha neno moja peke yake katikati: AMEKOMBOLEWA. Na chini kabisa, kama kawaida ya mawe yote, liandikwe kwamba limesimamishwa na mkewe.

Patasi alilipapasa jiwe lililokuwa karibu naye.

"Shemeji, mimi nimechonga 'amelala', nimechonga 'ametangulia', nimechonga 'apumzike kwa amani'. Hayo hayana ubishi. Kila aliyekufa amelala. Lakini neno lako hili ni zito. Kukomboa ni kazi ya mtu, haiji yenyewe kama mvua. Nani amemkomboa yule?"

"Yule," shemeji akarudia. "Ana jina. Lakini haidhuru. Swali lako ndilo lililonileta. Nilidhani wewe utaniambia."

"Mimi?"

"Unakumbuka mwaka ule mwenye nyumba alipoishika cherehani yangu?"

"Niliambiwa."

"Pesa ya kodi ilikuwa imenywewa, na unajua nani aliinywa. Cherehani ikafungiwa kule stoo. Sasa, shemeji, cherehani haina miguu, isingeweza kujitoa. Na isingefaa jirani aende kuitoa, maana akiitoa jirani tutasema ameinunua. Nilikwenda mimi. Nilifua nguo za watu mpaka ngozi ikanitoka vidoleni, nikaenda nikaikomboa, kwa sababu ilikuwa yangu. Kosa si langu, ila malipo ni yangu. Hapo ndipo nilipolijua neno hili."

"Kwa hiyo unataka nilipe mimi?" Sauti ya Patasi ilipanda. "Aliyeharibu ni yeye! Mtazame huyu hapa!" Akaunyoshea kidole mguu wa mwanawe. Kioo akaanza kutafuta kitu chini ya kigoda, kitu ambacho hakikuwepo.

"Nimeshamtazama, na sina neno naye," akasema shemeji. "Sikuja kukuomba umsifu mume wangu. Alichokosa alikosa. Ninachosema ni kwamba ndivyo neno lilivyo, linataka mwenye mali na linataka malipo. Kama huna cha kutoa, basi usiliandike. Andika jina na tarehe, nami nitashukuru. Nitakuja Jumamosi."

Akanyanyuka, akatikisa vumbi la mawe kwenye gauni lake, akaondoka.

*

Mdogo wake Patasi walikuwa wakimwita Winchi, kwa nguvu zake za kunyanyua mawe. Ndugu hao walianza pamoja. Patasi alikata herufi na Winchi alisimamia mnyororo wa kunyanyulia mawe, na hakuna mteja aliyejua kumtaja mmoja bila mwingine. Ila Winchi alipenda chupa, na chupa nayo ikampenda. Siku moja baada ya chakula cha mchana alirudi kazini miguu ikimkataa, akafunga mnyororo shaghalabaghala, jiwe likapanda, likayumba, likachomoka. Kioo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujifunza kazi. Alikuwa amesimama pale alipoambiwa asimame.

Madaktari waliuokoa mguu, lakini walishindwa kuurudisha ulivyokuwa. Patasi alimwambia mdogo wake maneno machache, na la mwisho lilikuwa kwamba yeye hana ndugu. Winchi akahamia upande wa pili wa mji, akapata kazi ya kupakia magari. Watu walisema ameacha pombe. Patasi akasema mguu haukuacha kuwa mfupi. Watu walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Patasi akasema kalimeni basi. Mara moja, miaka mingi baadaye, Winchi alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, akimngoja kaka yake atazame upande ule. Patasi alimwona. Akawasha msumeno wa kukatia mawe, na aliuacha ukiunguruma bila jiwe mpaka pale ng'ambo pakawa hapana mtu.

Hasira ile aliitunza kama mali. Na kama mwenye mali yeyote, alipenda kuionyesha. Mteja mgeni akiuliza mguu wa kijana ulikuwaje, Patasi aliweka nyundo chini, akasimulia mwanzo mpaka mwisho: pombe, mnyororo, jiwe, mlio. Alikuwa msimulizi hodari. Wateja waliondoka wakitikisa vichwa.

Sasa alikuwa na jiwe la kijivu mbele yake na chaki mkononi. Katika maisha yake hakuwahi kumkatalia mfiwa neno kwenye chaki. Huo ulikuwa ndio utaratibu: unaandika kwanza, wenye uchungu wanaamua. Akaandika. Aliandika vizuri, maana hakujua kuandika vibaya: jina, tarehe, kisha lile neno katikati, herufi zimesimama wima kama watu kwenye mstari. Chini akaandika: Jiwe hili limesimamishwa na mkewe. Akaliegemeza ukutani, akatundika kitambaa.

Na tuseme kweli, moyoni alikuwa ametulia. Alijua nini kitatokea. Kioo angeliona neno, Kioo ndiye mwenye mguu, Kioo angelifuta. Hapo shemeji asingekuwa na la kusema, wala mtu yeyote asingesema kwamba Patasi alimnyima marehemu neno. Ingekuwa ni kitambaa tu.

Siku ile Kioo alipita mbele ya jiwe akaenda kuchota maji. Akalisoma. Akarudi na ndoo, akalisoma tena, akakaa kigodani, akawasha mashine.

Kesho yake vilevile.

Seremala wa majeneza alikuja kuazima tupa, akasimama mbele ya jiwe, mikono nyuma.

"Hee! Jirani, hili la Winchi? Kumbe umeandika!"

"Nimeandika kwa chaki."

"Chaki ni mate ya patasi, inaanza hivihivi. Mimi sanduku lake nililitengeneza mwenyewe, na nililipiga vanishi mara mbili. Nilisema nikipiga moja, yule bwana atanifuata kwa deni la utani. Alikuwa akiniita 'fundi kabati la safari moja'." Akacheka, kisha alipoona anacheka peke yake akachukua tupa aliyoifuata akaondoka.

Maji ya mashine yalirusha matone, na herufi zilizokuwa karibu zikaanza kufifia. Patasi akaziandika upya. Alipomaliza akakiangalia kitambaa, akakitoa kwenye msumari ule, akakitundika kwenye mwingine uliokuwa karibu na kigoda cha Kioo. Siku iliyofuata akakisogeza tena, akakiweka kwenye ukingo wa karai, pale ambapo kijana hakuweza kuchota maji bila kukigusa. Kioo alikisukuma pembeni kwa kiwiko, akachota maji.

Mkewe Patasi alileta chakula mchana, kama siku zote. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini machache hayo aliyanoa nyumbani kabla hajaja nayo. Akalitazama jiwe. Akalitazama karai.

"Mume wangu, kitambaa hiki kimeota miguu? Juzi kilikuwa ukutani, jana kilikuwa pale, leo kiko hapa. Kesho nitakikuta mfukoni mwa mtoto?"

"Kilikuwa kinakauka. Nimekiweka karibu na maji."

"Aha." Akapakua chakula, akampa mwanawe, akampa mumewe. "Unataka mtoto akufutie."

"Nataka aamue mwenyewe. Aliyeumizwa ni yeye."

"Na wewe je, kitu gani kilikuvunjika?"

Patasi aliinamia sahani. Alikula. Mkewe akasubiri vyombo, na wakati wa kuviokota akasema tena, taratibu, bila ukali:

"Kijana wako anang'arisha mawe, na wewe unang'arisha hasira. Umeisugua miaka yote hii mpaka unajiona ndani yake. Na unajiona umependeza."

Akajitwisha kapu lake akaenda zake.

*

Ijumaa alikuja mzee mmoja mgeni kuagiza jiwe la mkewe. Alikuwa mpole, mwenye haja ya kuzungumza ili asilie. Akasifu mawe, akayapapasa, akamtazama Kioo akijiinua kigodani kwa taabu.

"Pole, kijana. Mguu huo ni wa kuzaliwa nao au ni ajali?"

Patasi akaweka nyundo chini. Mdomo wake ulikuwa umeshajua njia, kama punda anavyojua njia ya nyumbani.

"Ngoja nikueleze, mzee mwenzangu. Mimi nilikuwa na mtu hapa, mtu wa damu yangu. Mlevi. Siku hiyo alitoka kunywa..."

Akaeleza. Alieleza vizuri kama siku zote, mpaka akafika kwenye mlio. Jiwe la kijivu lilikuwa nyuma yake likiwa na jina la mtu huyo, lakini mzee mgeni hakujua. Mzee akatikisa kichwa, akasema binadamu ni hatari, akachagua herufi zake, akaaga.

Mashine ilikuwa imezimwa. Kioo alikuwa ameshika jiwe dogo la kusugulia, analigeuzageuza.

"Baba."

"Naam."

"Jiwe lile liliniangukia mara moja. Wewe umeliangusha kila wiki."

Patasi akageuka.

"Kila akija mgeni unalipandisha kwa mnyororo, unaliachia. Mimi nakaa hapa nasikiliza mguu wangu ukivunjika. Wewe unapata pole, mteja anapata hadithi. Mimi napata nini?"

"Mwanangu, mimi ninakutetea."

"Kwa nani? Yule mzee ananijua?" Kioo akaweka kile kijiwe chini. "Hizi suruali ninazovaa unadhani zinatoka wapi?"

"Mama yako huzinunua."

"Suruali ya dukani upande mmoja inaburura. Hizi hazibururi. Zinashonwa na mama mdogo. Nakwenda kwake kupimwa. Mama anajua. Nyumba nzima inajua isipokuwa wewe, kwa sababu wewe unawasha msumeno."

Patasi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye jiwe la mtu.

"Kwa hiyo na mumewe ulikuwa ukionana naye?"

"Ndiyo. Nilimkuta mara nyingi. Alikuwa akihamisha kiti changu kabla sijafika, ili nipate kunyoosha mguu. Siku moja aliniuliza, 'Mwanangu, yamekwisha?' Nikamwambia bado, baba mdogo. Akasema, 'Usiharakishe.' Tukaendelea na habari za mpira. Sasa amekufa, na bado hayajakwisha. Wakati mwingine nikiteremka ngazi namlaani. Usifikiri mimi ni malaika."

"Basi kwa nini hukulifuta lile neno?" Patasi karibu alie. "Siku zote hizi! Kitambaa kiko hapo!"

"Kwa sababu halinihusu."

"Halikuhusu wewe? Lingemhusu nani tena?"

"Mguu ni wangu, baba. Nitausamehe mimi, siku yangu, au nisiusamehe. Usinikopee msamaha, na hasira pia usinikopee. Lakini mama mdogo hakuja kuuliza habari za mguu. Alikuja kuuliza yule mtu ni wa nani. Kabla hajawa baba mdogo wangu alikuwa mdogo wako. Mlilala kitanda kimoja. Mimi sina uwezo wa kumkomboa kwa niaba yako, wala kukukataza. Ndugu ni wako. Mkomboe, au mwache stoo."

Akawasha mashine. Patasi alikaa pale mpaka jua lilipohama mlangoni, na alipoondoka alisahau kufunga dirisha, jambo ambalo hakuwahi kulisahau.

*

Jumamosi shemeji alifika mapema. Mkewe Patasi naye alikuwepo, ingawa haikuwa saa ya chakula, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Seremala alikuwa ameacha kupiga randa, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba anasikiliza kupitia mabati.

Shemeji alilitazama jiwe kwa muda mrefu. Neno lilikuwapo.

"Halikufutwa," akasema.

"Halikufutwa," akasema Patasi. "Lakini nisikudanganye, shemeji. Nilitaka lifutwe. Na nilitaka mkono wa mwingine ulifute, ili wangu ubaki safi. Kila siku nilikisogeza kitambaa."

"Nimeambiwa," akasema shemeji, akamtazama mkewe Patasi, na mkewe Patasi akatazama dari.

"Nataka kukuuliza jambo. Kule kwenu alikuwa akisemaje juu yangu?"

"Hakusema kitu. Mtu akikutukana mbele yake alikuwa akinyanyuka. Mara moja tu, siku aliyorudi kutoka hapa ng'ambo ya barabara, alisema una haki. Nikamwambia haki si kitu cha kumwachia mtu amekaa nacho peke yake. Akasema, 'Mwache. Akichoka atakiweka chini.'" Kisha akaongeza: "Hukuchoka. Una nguvu kuliko alivyofikiri."

Lilikuwa neno gumu, na Patasi alilipokea amesimama. Alilitazama jina la baba yao kwenye jiwe, nyuma ya jina la mdogo wake, jina lilelile lililokuwa nyuma ya lake mwenyewe. Alifikiria kitu alichokuwa nacho cha kutoa. Pesa ya jiwe haikuwa malipo. Angeweza kulichonga bure na asipungukiwe. Alichokuwa nacho cha thamani kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa ile hadithi: yeye mwenye haki, na yule mwenye kosa. Akiitoa hiyo, atabaki nani? Atabaki mzee mwenye vumbi kwenye nyusi, aliyekuwa na mdogo wake akamwacha amesimama ng'ambo ya barabara.

"Jirani!" akaita kwa nguvu, akielekea kwenye mabati.

"Naam!" Seremala akajibu haraka mno.

"Najua unasikia, basi sikia vizuri. Wiki ijayo tunasimamisha jiwe la mdogo wangu. Uje. Na ukiulizwa na mtu mguu wa Kioo ulikuwaje, mwambie amuulize Kioo. Mimi sina tena la kusimulia."

Seremala akasema kwa sauti ndogo, "Nitakuja, jirani."

Shemeji aliketi kwenye benchi kama mtu aliyekatwa kamba. Mkewe Patasi akakaa karibu naye, akaushika mkono wake, na wanawake hao wawili, waliokuwa wakionana kwa kujificha miaka yote ile, wakakaa hadharani.

Patasi akalilaza jiwe mezani. Akachagua patasi nyembamba, akainoa ingawa ilikuwa kali. Herufi ya kwanza ndiyo ngumu, kila mchongaji anajua. Baada ya hapo jiwe na mkono vinazoeana. Akaiweka ncha kwenye mguu wa A ya lile neno la katikati, akainua nyundo, akaishusha bila kupiga. Akamtazama mwanawe. Kioo hakutikisa kichwa kukataa wala kukubali. Alikuwa amezima mashine, basi, na amekaa.

Akapiga.

Alikata polepole asubuhi nzima. Chaki ilipotea chini ya chuma, herufi moja baada ya nyingine, na mahali pake pakabaki mfereji safi wenye kivuli. Kati ya herufi na herufi alipuliza vumbi, na mara moja alilazimika kusimama kwa sababu alikuwa haoni vizuri, akasema ni vumbi, na hakuna aliyembishia. Neno lilipokamilika alipitisha kidole ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akateremka kwenye mstari wa chini, ule unaosema jiwe limesimamishwa na mkewe.

"Hapa haijakamilika," akasema. Akachukua chaki, akaongeza mwishoni: na kaka yake.

Shemeji alisimama, akasogea, akasoma. Akaitikia kwa kichwa tu.

"Baba," akasema Kioo kutoka kigodani. "Hapo baada ya 'kaka yake' pamebaki nafasi?"

"Ipo kidogo. Nilitaka kuchonga ua, ipendeze."

"Usichonge ua. Iache."

"Ya nini?"

"Yangu. Siku nikiwa tayari nitakwenda makaburini na patasi nijiongeze. Nikiwa tayari."

Patasi akaipima nafasi kwa kidole gumba, kisha akachukua rula akaipima tena, maana jambo kama lile halipimwi kwa kidole. Ilikuwa finyu. Akaufuta mstari wote wa chini kwa kiganja chake, akauandika upya kwa herufi ndogo zaidi, akiusogeza kushoto kadiri alivyoweza, mpaka upande wa kulia jiwe likabaki tupu kiasi cha kutosha maneno mawili.

Akaukata hivyo.